Siku Saba Bila Simu

Jumamosi, 6 Oktoba 2018

Mvua tangu alfajiri. Bertila kaenda kazini kwa wazee wake; mke wangu ni nesi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na wazee hawana Jumamosi. Matumaini, binti yetu, kajifungia chumbani. Ana miaka kumi na tano na nyaya masikioni.

Habari kubwa! Dada Immaculate, katibu wa umoja wetu wa Waafrika Mashariki, katangaza kwenye grupu. Siku ya familia, mwisho wa mwezi, ukumbi wa kanisa kule Carrollton. Anatafutwa msemaji mmoja. Mada: mtandao unavyobadilisha namna tunavyofikiri. Anayeweza ajitokeze.

Nimejitokeza ndani ya dakika moja. Nikakuta Kiplagat kanitangulia. Mtu huyu hana kazi?

Anayo. Anatengeneza viyoyozi. Mkenya, mrefu, mpole, ana sauti ya redioni. Kila anachofanya anakiweka kwenye stetasi ya simu, watu wanapiga makofi. Akipanda ngazi, makofi. Akinywa chai juu ya ngazi, makofi. Mimi jana nimeweka picha yangu juu ya foklifti, pale ghalani ninapofanya kazi. Mwanga mzuri, maneno mazito chini yake. Waliotazama: sitini na tatu. Nimepitia orodha ya majina mara mbili. Kiplagat hayumo. Dharau.

Immaculate kasema kamati itachagua kati yetu wawili. Sawa. Vita.

Nimetafuta makala kuhusu mada. Nimepata moja ya mtaalamu. Ndefu mno. Nimesoma kichwa cha habari na aya ya kwanza. Sijui ilikuwaje, nikajikuta natazama mtu anafua zulia. Dakika arobaini. Zulia lilitakata kweli.

Jumapili, 7 Oktoba

Tulipotoka kanisani, kama kila Jumapili, Ambilikile kapiga simu kutoka Missouri City, kando ya Houston. Hapendi meseji. Anapiga, anaongea, anacheka, anapumua kidogo, anaendelea. Alikuwa mwalimu wa jiografia kule Tukuyu. Hapa anaendesha basi la shule. Ndiye aliyenipokea Houston miaka kumi na miwili iliyopita, nikiwa na begi moja na namba yake kwenye kikaratasi. Nililala sebuleni kwake miezi saba. Namwita kaka, na si kwa adabu tu.

Nikamweleza habari ya mada. Kisha akaniuliza: "Gelasi, mara ya mwisho kuwaza jambo moja tu, tangu asubuhi mpaka jioni, ilikuwa lini?"

Swali zuri sana! Nimeliandika. Nitalitumia kwenye hotuba kama langu.

Akaendelea kuongea. Lakini muda huohuo Kiplagat kaandika kwenye grupu kwamba yuko tayari kuniachia nafasi, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake. Unafiki wa wazi! Ilibidi nimjibu kwa uangalifu, nionekane mnyenyekevu kumzidi. Ambilikile alikuwa anasema jambo kuhusu kupanda. Kupanda basi au kupanda maua, sikushika. Nikasema ehee. Akasema na daktari. Nikasema ehee, vizuri. Akauliza, Gelasi, upo? Nikamwambia nipo.

Jumatatu, 8 Oktoba

Wazo! Limenijia saa nne asubuhi, nimebeba matairi kwa foklifti. Kidogo nigonge rafu.

Kiplagat ana sauti. Mimi nitakuwa na ushahidi. Nitafunga simu siku saba! Sitaigusa. Kisha nitasimama mbele ya watu niwaeleze jinsi akili yangu ilivyorudi. Kamati itanikataaje?

Tangazo nimeliandika wakati wa chakula cha mchana na kulirekebisha mara kumi na moja. "Ndugu zangu, kuanzia kesho nafunga simu siku saba, nijue kama bado naweza kufikiri. Msinitafute. Mwenye jambo la kufa na kupona amtafute Mungu kwanza." Sentensi ya mwisho nimeiona ina ucheshi.

Makofi yalimiminika. Nimeyatazama mpaka kengele ya kurudi kazini ikalia.

Nyumbani Bertila kauliza chooni nitakuwa nafanya nini. Matumaini kajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba Yesu alikataza kutangaza mfungo. Nikamuuliza kasoma wapi. Kasema kwenye simu.

Jumanne, 9 Oktoba

Siku ya kwanza. Asubuhi nimeizika simu kwenye ndoo ya mchele mbele ya mke na mtoto. Nimesema maneno machache. Bertila akaniuliza chakula cha jioni atapikia nini sasa.

Walipoondoka nimeifukua. Kwa dharura tu. Gari linaweza kuharibika njiani, na hapa Grand Prairie hakuna anayetembea kwa miguu. Nimeizima na kuiweka ndani ya gari.

Ghalani mkono ulikwenda mfukoni peke yake. Mara thelathini na moja kabla ya saa sita! Nilihesabu. Hata mguu ulitetemeka pale simu inapokaa, kana kwamba kuna mtu ananipigia kupitia nyama. Niliona njiwa kakaa juu ya boksi la mashine ya kufulia. Njiwa mzuri. Sikujua la kufanya naye. Nilimtazama tu. Akaruka.

Saa sita nilikwenda kwenye gari kula. Nikawaza: hotuba bila takwimu ni maneno matupu. Lazima nijue wangapi wanafuatilia mfungo wangu. Huo ni utafiti! Nikawasha. Punje ya mchele ikadondoka kutoka tundu la chaji.

Meseji mia moja na kumi na mbili. Hongera nyingi. Kiplagat kaandika: "Pole na pongezi ndugu yangu. Mimi nisingeweza." Ana maana gani?

Sijajibu hata moja. Huo ndio mfungo wenyewe.

Jumatano, 10 Oktoba

Mvua tena. Siku ya pili. Wakati wa chakula cha jioni Bertila alinisimulia habari ya bibi mmoja wa pale kazini, mwenye miaka tisini na moja, ambaye kila siku humwomba amfungulie dirisha ili mumewe aingie. Mumewe alifariki zamani. Bertila hulifungua. Husubiri kidogo, kisha hulifunga, na bibi humshukuru.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Sikuwa na kitu mkononi. Bertila alinitazama, akauliza kama naumwa. Nikasema hapana. Akasema ana miaka hajawahi kumaliza hadithi ndani ya nyumba hii.

Moyo ulinijaa. Niliona kabisa kwamba jambo hili ni la kweli. Hii ndiyo hotuba yenyewe! Nikataka kuiandika mahali kabla sijaisahau. Nikamwambia Bertila naenda kuangalia kama nimefunga milango ya gari.

Nilikaa garini nusu saa. Sikuandika kitu.

Alhamisi, 11 Oktoba

Balaa. Karibu nikamatwe!

Saa sita na dakika ishirini. Niko garini, nimeshika simu, natazama stetasi za Kiplagat. Ghafla ikaita mkononi mwangu. Ambilikile! Jina lake na picha yake, ile ya kofia ya kazini, vimejaa kioo kizima.

Kidole kilikwenda kupokea. Nikakizuia. Nikipokea atajua simu ninayo. Na Ambilikile hana siri. Atacheka, atamwambia Joyceline mkewe, Joyceline atamwambia dada Immaculate, jioni kamati nzima inajua. Nikatulia. Nikaitazama inaita. Ilikata.

Ikaita tena. Nikashusha kioo cha gari, sijui kwa nini. Ikakata.

Ikaita mara ya tatu. Hapo nikaelewa: ni mtego! Kiplagat na Ambilikile wanafahamiana, waliwahi kuimba kwaya moja Houston. Kiplagat kamtuma kunijaribu. Na Alhamisi si siku ya Ambilikile kupiga. Siku yake ni Jumapili.

Hakuacha ujumbe. Hana tabia hiyo; husema hawezi kuongea na ukuta.

Nimeshinda mtego. Lakini chakula hakikupita. Nimekirudisha nyumbani.

Ijumaa, 12 Oktoba

Kiplagat kaenda Houston! Nimeona stetasi zake mchana. Ya kwanza: barabara kuu, kibao cha Houston, mvua, waipa za gari zinafuta kioo. Ya pili: kituo cha mafuta na kikombe cha kahawa. Ya tatu: korido ndefu, nyeupe, viti vimepangwa ukutani. Ya nne haina picha, ni neno moja tu kwenye rangi nyeusi: "Ombeeni."

Ombeeni! Mtu akienda kuhutubia Houston anataka aombewe! Ndiyo maana yake, hakuna nyingine. Korido ile ni ya ukumbi wa mikutano. Kaamua kufanya majaribio ya hotuba kule, apate picha za umati, azilete kwa kamati. Na Ambilikile, kaka yangu mwenyewe, kamsaidia kupata ukumbi. Kumbe jana alikuwa anapiga kuniomba radhi!

Nimekasirika kiasi cha kupakia majokofu kwenye lori silo.

Nimezitazama zote nne, moja baada ya nyingine, mara mbili. Nilitaka kuona kama kuna watu kwenye vile viti. Vilikuwa vitupu. Nikafurahi.

Jumamosi, 13 Oktoba

Ambilikile amefariki.

Joyceline alimpigia Bertila asubuhi. Nilikuwa jikoni, nimevaa kandambili, nakoroga uji. Bertila aliingia na simu kifuani, akalizima jiko kwanza. Ndipo akaniambia.

Moyo. Jana mchana walimpasua, saa nne baadaye wakatoka kumwambia Joyceline.

Sijui niandike nini. Uji uliganda.

Jumapili, 14 Oktoba

Tumekwenda Missouri City, mwendo wa saa tano kwa sababu ya mvua. Bertila aliendesha. Matumaini alikaa nyuma, akatoa nyaya masikioni bila kuambiwa. Ambilikile alikuwa akimwita "Mama Serikali".

Nyumba imejaa. Viatu mlangoni mpaka kwenye nyasi. Clara, binti yao, kafika jana kutoka chuoni, amekaa sakafuni, kaegemea miguu ya mama yake. Kiplagat alikuwa jikoni anaosha vikombe. Mikono mpaka kwenye viwiko imejaa povu. Aliniona, akanisalimu kwa kichwa, akaendelea kuosha.

Joyceline akanishika mikono yote miwili. Akanikalisha karibu naye. Akasimulia.

Kwamba tangu mwezi uliopita Ambilikile alikuwa akichoka kupanda ngazi za basi. Ngazi tatu tu. Kwamba Alhamisi asubuhi daktari aliwaambia hakuna kusubiri, kesho apasuliwe. Kwamba jambo la kwanza alilofanya, kabla hata ya kumwita Clara, lilikuwa kunipigia mimi. Mara tatu.

"Nikamwambia, baba, shemeji kafunga simu, ametangaza kwenye grupu. Yeye grupu hasomi, unajua. Nikamsomea lile tangazo lako lote. Pale pa kufa na kupona alicheka mpaka ile mashine ya kupimia moyo ikaanza kulia, nesi akaja mbio."

Watu wakacheka na kulia pamoja. Nami nikacheka.

"Nikasema basi nimpigie Bertila," akaendelea. "Akanikatalia. Akasema Bertila akijua, Gelasi atavunja mfungo wake aje mbio. Mwache. Kwa mara ya kwanza anafanya kitu mpaka mwisho." Akanibana mikono. "Alijivunia, shemeji. Nakuambia ili ujue. Usijilaumu hata kidogo. Alijivunia."

Ndipo Ambilikile akampigia Kiplagat, mtu wa kwaya ya zamani, aje akae na Joyceline pale hospitali.

Nilitaka kusema. Namwandikia Mungu hapa, anajua nilitaka. Nilifungua mdomo. Lakini mzee mmoja akauliza kwa sauti mfungo wangu unaisha lini. Wote wakanigeukia. Nikasikia sauti inasema nimeuongeza siku saba nyingine, kwa heshima ya marehemu. Ilikuwa sauti yangu.

Wakasema amina.

Jumatano, 17 Oktoba

Kazini. Nimemwomba msimamizi Ijumaa na Jumamosi. Kanipa pole.

Joyceline kapiga kwenye simu ya Bertila: katika ibada ya kuaga nizungumze mimi kwa niaba ya marafiki. Watazika hukohuko Houston, Clara kaomba baba yake awe karibu.

Nimejaribu kuandika. Miaka kumi na miwili! Nimekaa na kalamu, nikajiuliza tulikuwa tunaongea nini Jumapili zote zile. Sikumbuki. Yeye aliongea. Mimi nilisema ehee. Nakumbuka vizuri nilichokuwa natazama wakati ule: ajali ya treni mahali fulani, mtu wa zulia, ugomvi wa watu nisiowajua kuhusu mchezaji nisiyemshabikia.

Mchana garini nikatafuta "maneno ya kumuaga rafiki". Yametokea mengi. Nimechagua la kumi, lisije likatambulika. Zuri sana. Linasema marehemu alikuwa nyota. Nimelihifadhi kwenye simu.

Jumamosi, 20 Oktoba

Tumemzika.

Kanisa lilijaa. Madereva wenzake wa mabasi walikuja na sare zao, wakajaza safu nzima ya nyuma. Mama mmoja Mmeksiko alikuja na watoto wanne, wote abiria wake. Nilikaa mbele. Simu ilikuwa mfuko wa ndani wa koti, hotuba tayari, mwanga nimeupunguza. Mpango: nitaitoa nusu tu, niilaze ndani ya Biblia.

Joyceline mwenyewe akanitambulisha. Akasimama, kashikwa na Clara, akawaambia watu kwamba anayekuja ni mtu aliyekaa siku kumi na mbili bila simu, na kwamba katika dunia hii ya leo huyu ndiye aliyebaki na akili yake. Akasema: "Mtazameni. Mikono mitupu. Atasema kutoka moyoni."

Nikapanda. Mikono mitupu. Nikawatazama.

Simu ilikuwa palepale juu ya moyo, nasikia uzito wake. Isingeweza kutoka.

Nikatafuta lile neno la nyota. Likagoma. Nikatafuta kitu kingine chochote. Mtu akakohoa, mtoto akauliza kitu kwa Kihispania.

"Alinifundisha kuendesha gari," nikasema.

Gari la rangi gani? Sikumbuki. Picha yake ipo, kwenye simu.

"Kwenye uwanja wa duka, Jumapili asubuhi, kabla hawajafungua. Nilikanyaga mafuta badala ya breki. Tukapanda ukingo. Hakunipigia kelele. Alisema, sawa, hiyo ni mafuta."

Kanisa likacheka. Nilitaka kuendelea. Hapakuwa na kitu. Niligonga kila mlango kichwani, vyumba vitupu. Mtu aliyenilaza, aliyenilisha, aliyenipigia simu kila wiki, na ninacho kisa kimoja tu. Machozi yakatoka, sikuyapanga. Mchungaji akanishika bega akanishusha.

Baadaye watu walinikumbatia. Wanasema ilikuwa hotuba bora kuliko zote. Fupi, ya kweli.

Kiplagat alinisubiri kwenye maegesho. Alikuwa peke yake, kavua tai, kaiviringisha kwenye kiganja. Nikamshukuru kwa kuja.

"Bwana Gelasius," akasema, "ile Ijumaa nilikuona kwa stetasi yangu."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa.

"Zote nne. Saa sita na robo jina lako lilitokea. Alikuwa bado hajaingizwa kufanyiwa operesheni. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake, simu iko kwa goti langu. Nikasema, sasa ameona, atapiga. Nikangoja."

"Sikujua ni hospitali," nikasema. Ni kweli. Haikusikika kama kweli.

"Akaniuliza nani huyo. Nikageuza simu, asione. Nikamwambia ni watu wa kazi." Akaitazama tai yake. "Walikuja kumchukua saa saba."

Nilimwuliza kama kamwambia Joyceline.

"Hapana. Na hatasikia kutoka kwangu. Huyo mama ako na mzigo wa kutosha." Akafungua mlango wa gari lake. "Wewe ndio utajua vile utaishi nayo."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Jumapili, 21 Oktoba

Njiani kurudi. Mvua imekatika. Mbuga pande zote mbili, kijani, ng'ombe wamelala. Bertila anaendesha, Matumaini kalala nyuma.

Nilikuwa nimeamua kumwambia. Niliipanga sentensi tangu tunatoka Missouri City. "Bertila, simu nilikuwa nayo." Maneno manne tu. Niliyabeba maili karibu mia mbili. Nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza baada ya miaka kuwaza jambo moja muda wote huo. Linauma. Sasa naelewa kwa nini watu hawawazi.

Karibu na Corsicana nikasema: "Bertila."

Akasema: "Mmh?"

Nikasema tusimame, tununue kahawa.

Tulisimama. Alikunywa yake amesimama, kaegemea gari, macho mekundu. Akaniambia anafikiria alivyokufa Ambilikile, akijua rafiki yake mmoja kaweza kuacha upuuzi. Akasema hilo ni jambo. Nikasema ndiyo, ni jambo.

Jumamosi, 3 Novemba

Ushindi! Siku ya familia ilisogezwa mbele kwa sababu ya msiba, sasa ni tarehe kumi na saba, na dada Immaculate kanitumia ujumbe: Kiplagat kajitoa. Hakutoa sababu. Msemaji ni mimi. Kamati nzima imekubali bila kupinga. Immaculate anasema watu wa Fort Worth pia watakuja, habari ya mfungo wangu imewafikia.

Ajabu ni kwamba hauna ladha. Mtu akijitoa ni kama kapata bao. Huenda ndiyo hila yake.

Bertila analalamika. Anasema Joyceline kapiga mara nne kuniulizia na kila mara niko bafuni. Ni bahati mbaya tu. Nitampigia baada ya hotuba, nikiwa nimetulia. Sasa hivi nitampigia niseme nini? Ataanza kunishukuru.

Nimefikiri sana wiki hizi mbili. Kwa kina. Nimejiuliza kosa lilikuwa wapi, maana kosa lazima liwe mahali fulani, na mtu mzima lazima ajifunze. Leo asubuhi nimelipata. Nikamwita Matumaini, nikamuuliza kama kuna njia ya mtu kutazama stetasi za wenzake bila jina lake kuonekana.

Kumbe ipo! Muda wote ilikuwepo! Ni kitufe kimoja tu kwenye mipangilio. Kakibonyeza bila hata kukaa. Kisha akanitazama, akaniuliza kwa Kiingereza ni nani ninayemficha. Nikamwambia hakuna, ni mambo ya usalama. Alisimama pale mlangoni kidogo, kama mtu anayesubiri kuambiwa kitu kingine, halafu akaondoka.

Nikajaribu papo hapo. Kiplagat kaweka video. Yuko Missouri City tena, kwa Joyceline, hata wiki hii! Joyceline kakaa mezani na Gakii, mke wa Kiplagat, wanamenya viazi. Kakonda. Gakii anasema kitu ambacho hakisikiki, na Joyceline anacheka, kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo, kisha anajifuta macho kwa mgongo wa mkono uliobeba kisu. Kiplagat hakuandika neno lolote chini yake.

Anatafuta sifa.

Nimeitazama mara tano. Jina langu halikutokea popote.